INA240: chipu ya kupima mkondo wa umeme iliyomaliza ubishi wangu na kontrola za bajaji

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya miguu yake, nitaieleza.

Natengeneza kontrola, yaani visanduku vinavyoendesha mota, za bajaji za umeme hapa Buguruni. Mkondo wa mota nilizoea kuupima kwa chipu iitwayo ACS712, ya ampea 30. Kwa chaja na taa haina neno. Shida ni kwamba inapima kwa usumaku, na mimi naifunga shubiri moja tu kutoka kwenye mota iliyojaa sumaku. Mkondo ukiwa sifuri inatakiwa itoe volti 2.5, ikawa inatoa 2.53. Kwa kuwa kila ampea ni milivolti 66, hapo karibu nusu ampea imezuka hewani. Nikajaribu chipu nyingine, INA219, nikaiunguza siku hiyohiyo. Kosa langu: mwisho wake ni volti 26, nami nimeitia kwenye betri ya 48.

Ndipo nikaagiza INA240 ya Texas Instruments, toleo A1. Hii haitumii usumaku: mkondo unapita kwenye rezista (kipinga umeme) ndogo, nayo inakuza mara 20 volti ndogo inayojitokeza kati ya ncha zake. Miguu yake ya kupimia inavumilia kuanzia volti -4 hadi 80. Hiyo hasi si pambo, maana kontrola ikikata umeme, waya wa mota huteremka kidogo chini ya sifuri. Na waya huohuo unaruka kutoka sifuri hadi volti hamsini na ushee maelfu ya mara kwa sekunde. Amplifaya ya kawaida hapo hubabaika. Ukitazama kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, ni miiba mitupu. Hii nayo ina miiba, ila mifupi, inatulia upesi, na katikati yake kuna mstari wa kusomeka. Hapo ndipo pesa yangu ilipojilipa.

Nimefunga rezista mbili za miliomu 2 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu) sambamba, zikawa miliomu 1. Ampea 50 zikipita napata milivolti 50, chipu inanitolea volti 1 kamili. Joto la rezista hapo ni wati 2.5, ndiyo maana nikaweka mbili zigawane.

Siku ya kwanza mezani ilisoma ampea 22 huku mita ya kubana waya ikisema 20. Nikaitukana chipu bure. Nyuzi za kupimia nilikuwa nimezichomea kwenye njia ya shaba, nje kidogo ya rezista, kwa hiyo kipande kile cha shaba na risasi yake ya kulehemea nacho kikawa kinahesabiwa. Kwenye miliomu 1, hata tone la risasi ni rezista. Nikazihamisha zianzie upande wa ndani wa pedi (kipande cha shaba rezista inapolehemewa), chini ya tumbo la rezista. Ikasoma 20.1.

Sasa miguu. Niliyoletewa ni ya TSSOP, umbo dogo la chipu, mguu hadi mguu milimita 0.65. Kwa macho yangu haya nililehemu mara tatu, kwa miwani juu ya miwani. Ipo ya SOIC yenye miguu iliyoachana, agiza hiyo. Anayetengeneza kitu cha kukaa ndani ya gari achukue yenye Q1 mwisho wa jina, ndiyo iliyopimwa kwa viwango vya magari.

Juzi jamaa kaniletea pikipiki ya volti 72, eti nimfungie ileile. Betri yake ina seli 20 za lithiamu, ikijaa ni volti 84, na mwisho wa chipu hii ni 80. Nimemwambia aiache kwanza, nimtafutie nyingine.