Golden au Louisville: kuhamia Colorado na watoto wadogo

Mji wa Golden umeegemea mlima hasa. Lookout Mountain uko pale pale mjini. Raha kwa baba anayependa kupanda, lakini kwa mtoto anayejifunza baiskeli miinuko ile ni adhabu. Treni ya kwenda jiji la Denver ipo tangu 2013, ingawa kituo kiko pembezoni mwa mji.

Mji wa Louisville uko mbali kidogo na milima, ila pametulia kwa mtoto mdogo anayeendesha baiskeli. Njia ya Coal Creek inawatenga watoto na magari, na kando ya barabara kuu ya US 36 kuna njia ya baiskeli hadi Boulder. Ulizeni bima ya nyumba mapema, maana moto wa nyika ulioitwa Marshall wa Desemba 30, 2021 uliteketeza nyumba zaidi ya 1,000 Louisville na maeneo jirani. Hata hivyo, mwenye watoto chini ya miaka 8 ningempeleka Louisville.