Miezi mitatu na programu ya maswali ya vinyozi: ile 92 yangu ilikuwa ya uongo

Mimi ni kinyozi Sinza, Dar es Salaam, mwaka wa tisa huu nipo kwenye kiti. Mke wangu ni nesi, yuko Texas tangu mwaka juzi, na makaratasi yangu ya kumfuata yanasogea kwa mwendo wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kule huwezi kushika mashine kwa malipo bila leseni ya jimbo. Ili uipate lazima usome shule ya vinyozi masaa 1,000 na ufaulu mtihani wa nadharia kwa alama 70. Kunyoa hakunitishi. Kilichonikosesha usingizi ni nadharia, maana Kiingereza changu ni cha kuulizia bei, na kidato cha nne biolojia nilipata F isiyo na ubishi.

Nikasema nisisubiri mpaka nifike. Mwenzangu tuliyekuwa naye kiti cha pili, ambaye alishavuka na sasa ananyoa Houston, akanitumia programu aliyojisomea mwenyewe. Jina la programu silitaji kwa sababu nina manung'uniko nayo. Ni programu ya simu yenye maswali zaidi ya 700 ya kuchagua jibu, imegawanywa kwa mada: ngozi, nywele, magonjwa, usafi wa vifaa, kemikali, kunyoa ndevu, historia, sheria. Ilinigharimu kama 25,000 kwa mwezi, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu.

Mwezi wa kwanza niliipenda kupita kiasi. Saluni ikiwa tupu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka mchana, najibu maswali. Kila jibu sahihi linatoa kamlio fulani hivi, kale kamlio kana utamu wake. Nikaanza na 40, nikaenda 65, wiki ya tano nikapiga 92 kwenye jaribio kamili. Nikampigia mke wangu. Nikawanunulia soda wote waliokuwa kwenye foleni, watu wanne.

Aliyeniharibia furaha ni dogo tunayemfundisha kazi. Alikuwa na daftari la kaunta, akanakili maswali 50 kutoka kwenye simu yangu, lakini akayaandika bila A, B, C na D. Akayatafsiri kwa Kiswahili chake. Jioni tukishafagia akaketi kwenye kiti cha mteja na kunisomea moja moja kama polisi anayechukua maelezo.

Nilipata 62 kwa mia.

Nilibisha kidogo, nikasema tafsiri mbovu. Lakini ukweli niliuona siku ileile. Programu ile haichanganyi majibu. Swali la protini ya nywele jibu lake siku zote ni C, na mimi nilikuwa nimekariri C. Keratini nilikuwa siijui, nilikuwa naijua mahali ilipokaa. Maswali mengine nilikuwa natambua neno la kwanza tu, kidole kinakwenda chenyewe. Na ukikosea, programu inakuonyesha jibu sahihi kwa rangi ya kijani, basi. Haikwambii kwa nini. Mtu aliyekaa darasani na mwalimu, kwake hiyo si hasara. Kwangu mimi, ambaye darasa langu ni hicho kisimu, ni hasara kubwa.

Tangu siku ile nikabadilisha utaratibu. Programu niliiacha inipe maswali, ila majibu nikawa nayatafuta kwenye kichwa cha mteja aliye mbele yangu. Kila anayekaa, swali moja. Huyu nywele zimekatika ukingoni mwa paji la uso, kwa nini? Huyu ana vipele vigumu kisogoni, vinaambukiza au haviambukizi? Mwingine analalamika kwamba nilimnyoa vizuri lakini wiki mbili tu zimeshajaa. Hapo nakumbuka nywele hukua kama nusu inchi kwa mwezi, yaani sentimita moja na robo hivi. (Inchi zao hizo na nyuzi zao za Fahrenheit jiandae nazo, programu nzima ndivyo ilivyo.)

Mada ya magonjwa ndiyo iliyonilipa mapema. Jumapili moja kabla ya shule kufunguliwa, siku ambayo foleni ya watoto inafika barabarani, dada mmoja alikuja na vijana wake wawili. Mdogo alikuwa na kofia. Nikamwambia, "Anko, vua kofia tukunyoe." Akasita, akamwangalia mama yake. Alipoivua nikaona madoa matatu ya mviringo, makavu, yenye magamba meupe, nywele zimekatikia chini kabisa kama mahindi yaliyoliwa na ng'ombe. Mapunye. Kwenye mtihani yanaitwa tinea kapitisi, na swali lake linarudi kwa sura kama sita: husababishwa na fangasi, huambukiza, na kinyozi hamhudumii mteja huyo bali humwelekeza kwa daktari.

Zamani ningemnyoa. Ningepuliza spiriti kwenye mashine, nikawasha kiberiti moto upite juu ya meno, nikamwita anayefuata.

"Dada, samahani," nikamwambia, "mkubwa namnyoa. Huyu mdogo mpeleke kwanza zahanati, haya yanatibika kwa dawa ya kumeza."

"Kaka, wewe kazi yako si kunyoa? Nimekaa hapa saa nzima."

"Ni kweli dada, nisamehe. Lakini mashine hii hii ndiyo itakayopita kwa hawa wote."

Wale wazazi wengine kwenye benchi walikuwa kimya, kila mmoja anapapasa kichwa cha mwanawe. Yule dada aliondoka na wote wawili. Bosi aliniangalia kwa jicho la 6,000 iliyotoka mlangoni. Baada ya wiki tatu alirudi, mtoto anameza vidonge, akaniuliza lini anaweza kunyolewa. Swali hilo kwenye programu halimo. Nikamwambia amuulize daktari wake.

Mada ya usafi wa vifaa iliniumiza zaidi, kwa sababu ilinikuta mkosaji. Kila saluni ya kiume hapa mjini ina lile boksi la mwanga wa bluu tunaloliita steriliza. Mteja akiingia anauliza, "Umeweka kwenye steriliza?" Unafungua mlango, anaona bluu, anatulia. Miaka tisa nimeamini boksi lile. Sasa swali la 212 likaniuliza kazi yake, nikachagua kuua vijidudu, likaniambia nimekosa. Nikarudia nikidhani programu imeharibika. Kumbe kwa mtihani wa kule boksi lile ni kabati tu, la kutunzia vifaa ambavyo tayari vimeshasafishwa na kulowekwa kwenye dawa. Mwanga unafanya kazi pale unapopiga. Katikati ya meno ya kichana na upande wa chini wa kifaa haufiki, na penye nywele na mafuta ndiyo kabisa.

Utaratibu wenyewe una ngazi, na mtihani unakutega hapo. Kwanza kusafisha: toa nywele, osha kwa sabuni na maji. Pili dawa ya kuua vijidudu, kifaa kizame chote na kikae muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 10. Ukichovya na kutoa, hujafanya kitu. Tatu ni kutakasa kabisa kwa mvuke wenye shinikizo kama hospitali, ambako hata mbegu za bakteria hufa, na huko vinyozi kwa kawaida hatufiki. Mimi nilikuwa naruka ngazi ya kwanza na ya pili na kujiita nimefika ya tatu. Na wakati sote tunaogopa ukimwi, kirusi cha homa ya ini B ndicho kinachoweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, hata juu ya kifaa ambacho damu yake imeshakauka. Siku niliyosoma hilo niliwatazama wateja wangu kwa aibu kidogo.

Kunyoa ndevu nilijifunza kwa msaada wa mzee mmoja wa Kijitonyama anayekuja kila Ijumaa kabla ya swala. Uso wanaugawa sehemu 14, unaanzia kwenye sharafa ya upande wa kulia, karibu na sikio. Mkono una mapigo, yaani namna za kushika na kuvuta wembe: frihendi kwa sehemu sita, bakihendi nne, na frihendi ya kugeuza nne zilizobaki. Kwenye programu ni mchoro wa kichwa wenye namba ndogo kama sisimizi, usiosomeka kwenye simu yangu. Nikawa nahesabu kwa sauti ya chini juu ya uso wa mzee.

"Mwanangu, leo unasoma nini huko?" akaniuliza mapovu yakiwa mdomoni.

"Mzee, nahesabu shavu lako."

"Shavu nililo nalo ni moja kila upande. Usiongeze."

Ijumaa ya nne nilizitaja zote 14 bila kukosea, na mzee wa watu alikuwa ameshazishika hata yeye. Akawa ananikumbusha: "Hii ni ya tisa, rudisha mkono."

Kemikali nilizipita kwa taabu. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi, kinaanzia 0 mpaka 14, nywele ziko 4.5 hadi 5.5, na kila namba moja ni mara kumi ya iliyotangulia, jambo ambalo mpaka leo nalikubali tu bila kulielewa. Kuhusu blaki ya nywele, mtihani unataka umjaribu mteja kidogo nyuma ya sikio saa 24 hadi 48 kabla ya kumpaka. Nionyesheni mteja wa Dar aliyekuja Jumamosi na harusi ya jioni, umwambie arudi Jumatatu. Lakini nimeshaona mtu kavimba macho kwa blaki, kwa hiyo sicheki sana.

Historia ni maswali machache ya bure. Shule ya kwanza ya vinyozi Marekani ilifunguliwa Chicago mwaka 1893, na Minnesota ikatunga sheria ya leseni mwaka 1897. Kariri, pita.

Manung'uniko yangu sasa. Bila intaneti haifunguki, na umeme ukikatika mtaani mtandao nao unazubaa, ndio wakati hasa ambao mashine zimezima na mimi nina nafasi ya kusoma. Maswali mawili yanapingana: moja linasema kipara cha madoa huambukiza, jingine linasema hakiambukizi. La pili ndilo sahihi. Niliwaandikia, wakanijibu asante. Na nilipojitoa mwezi wa tatu walikata pesa ya mwezi wa nne, ikabidi niifunge kadi yenyewe.

Je, ununue? Lipia mwezi mmoja. Siku za mwanzo usiangalie alama, nakili maswali kwenye daftari bila majibu ya kuchagua, kisha mpe mtu asiyekuonea huruma akuulize. Miezi mitatu kama mimi ni kupoteza 50,000. Kama huna kazi ya mikononi ya kukukumbusha, tafuta kitabu chenye maelezo kabla ya programu hii. Yenyewe inajua kuuliza tu.

Kwenye daftari la dogo sasa nipo 84. Bosi alikubali kununua ndoo yenye kifuniko, asubuhi nachanganya dawa kwa kipimo cha chupa. Boksi la bluu bado linawaka pale pale, wateja wanalipenda. Na dogo ameanza kuchukua simu yangu saa nne asubuhi. Juzi alipata 48, akasikia kale kamlio, akaniomba hela ya soda.