Optimum No Rinse: naosha gari zima kwa maji ya dumu moja tu

Niseme mapema kwamba gari langu nalipenda na nalipenda likiwa safi, ni Premio nyeusi na tunakaa Goba, Dar, ukitoka getini tu vumbi jekundu hilo hapo, kwaiyo zamani kila jumamosi ilikua mpira wa maji, shampoo, robo saa ya kumwagia na roho inatulia.

Ikaja Oktoba 2022. Mvua zilichelewa, mto Ruvu ukapungua, uzalishaji wa maji Dar ukashuka toka lita milioni 466 kwa siku mpaka milioni 300 na mgao ukaanza, leo mtaa huu kesho ule. Kwetu zamu ikifika maji yanatoka usiku wa manane na presha yenyewe ni ya kudondoka. Dumu la lita 20 likawa shilingi 500, kuna siku tulinunua 1000.

Jumamosi moja nimeshaunga mpira kwenye simtanki naosha gari, akapita mama jirani ana dumu kichwani na mwanae nyuma kabeba kidumu cha lita 5, wanatoka kwenye foleni kisimani. Nikamwamkia, "shikamoo mama", akajibu "marahaba baba, hongera kwa kazi", vizuri kabisa bila kinyongo, ila mimi roho ilinisuta nikafunga koki palepale na gari lina sabuni nusu. Jioni nikachukua dumu nikapima ule mpira, lita 20 zilijaa kwa dakika mbili. Yani kwa robo saa nilikua namwaga lita 150, madumu saba na nusu, na mama wa watu anabeba moja kichwani.

Wiki tatu sikuosha, nikawa napangusa na kitambaa kibichi. Msifanye hivyo ndugu zangu, vumbi letu lina mchanga ndani yake na ukilisugua ni sawa na msasa, boneti yangu ukiiangalia juani ina mikwaruzo ya kuzunguka kama utando wa buibui mpaka leo.

Ndo shemeji yangu akanibebea hii dawa ya kuoshea gari, Optimum No Rinse, toka Dubai, chupa ya mililita 946, na sasa hivi niko chupa ya pili. Sio shampoo ya mapovu kwaiyo usishtuke ukiona ndoo haitoi povu. Ina polima zinazoshika chembe za mchanga na kuzifanya ziteleze badala ya kukwangua rangi, na haihitaji kusuuzwa, ukishapangusa unakausha basi. Kipimo ni sehemu 1 ya dawa kwa 256 za maji, mi kwenye ndoo ya lita 10 naweka mililita 40 na napima na bomba la sindano la mililita 20 la duka la dawa, mara mbili. Usiongeze ukidhani itasafisha zaidi, inaacha ukungu kwenye vioo. Kwa hesabu hiyo chupa inatosha kuosha kama mara 23 hivi.

Kazi yote iko kwenye mkono. Nachota lita 2 kwenye ile ndoo naweka kwenye spreya ya kupulizia miche, nalowesha upande mmoja tu, tuseme mlango, naacha dakika mbili uchafu ulainike. Nina vitambaa sita vya maikrofaiba vimeloweka ndooni, nachukua kimoja nakikunja mara mbili nipate nyuso nane, napangusa mstari mmoja ulionyooka kwa mkono mwepesi, nageuza uso mwingine, nyuso zikiisha kitambaa hicho hakirudi ndooni tena, hapo ndo wengi wanaharibu. Kisha nakausha mlango huo na kitambaa kikavu kabla sijahamia wa pili. Naanza juu kwenye paa, nashuka, chini ya milango mwisho, rimu kabisa mwisho na kitambaa chake cha peke yake. Fanya asubuhi mapema au kivulini, juani inakukaukia kabla hujafika.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwenye maji ya kisima. Ya huku kwetu yana chumvi, na ukiosha na mpira yakikauka yenyewe yanaacha madoa meupe kwenye vioo na rangi nyeusi yanaonekana toka mbali. Kwa vile hapa unakausha kipande kwa kipande, madoa yamepungua sana.

Kufua vile vitambaa nako kunakula kama lita 10, na hiyo watu hawaihesabu wanavyosifia ndoo moja. Kwaiyo jumla ni dumu moja zima.

Dawa za aina hii ni za vumbi. Masika yakianza na tope limegandia kwenye madigadi na chini ya bampa usithubutu kupangusa, hapo natumia maji ya mvua ninayokinga batini, makopo matano sita kwa kumwagia taratibu mpaka tope lidondoke lenyewe, ndo naendelea na ndoo. Na gari lililotoka safari ya rough road mi nalipeleka kwa vijana wanaoosha kwa mashine, silazimishi.

Bei ilinitoka kama elfu 70 pamoja na kubebewa, yani elfu 3 hivi kila ninapoosha. Madukani huku ni ya kubahatisha, uwe na mtu wa kukuletea. Nyota 4 kati ya 5. Maji yanayobaki ndooni naoshea kapeti za mpira za gari, halafu yanaenda kumwagwa getini kutuliza vumbi.