Plagi za injini ya petroli: ipi inunuliwe Uganda, na ifungwe namna gani

Magari mengi yanayotembea Uganda yalitumika kwanza Japani, na mara nyingi mnunuzi hukabidhiwa funguo bila kitabu cha maelekezo, au kitabu kikiwepo kimeandikwa kwa Kijapani. Matokeo yake, uchaguzi wa plagi huachiwa fundi, na fundi huchukua zile zilizopo katika duka la jirani. Mwongozo huu unapanga aina za plagi kwa kuangalia mambo mawili: injini inataka nini, na mnunuzi anaweza kuthibitisha nini kwa macho yake kabla ya kulipa. Wenye magari ya dizeli hauwahusu, kwa kuwa injini zao haziwashi mafuta kwa cheche.

Kabla ya aina, tafuta namba iliyoandikwa kwenye plagi. Chukua NGK BKR6E-11: herufi R huonyesha kwamba ndani mna kizuizi cha umeme kinachopunguza mikwaruzo kwenye redio na vifaa vya elektroniki, 6 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa uzi wa milimita 19, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1, yaani nafasi kati ya ncha mbili ambamo cheche huruka. Denso huandika 20 pale NGK inapoandika 6, na kwa kampuni zote mbili namba ikipanda, plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka kuelekea kichwa cha silinda. Bosch imepanga kinyume: namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia namba hizi zinakaribiana, mwombe jedwali la ulinganisho. Plagi ya moto kupita kiasi huweza kuwasha mafuta kabla ya wakati na hatimaye kuyeyusha pistoni, ilhali ya baridi kupita kiasi haifikii nyuzi joto 450 hivi za Selsiasi zinazohitajika kuunguza masizi yake yenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa plagi yenye ncha ya katikati ya metali ya iridiamu, ile ya maisha marefu yenye kipande cha platinamu kwenye ncha ya pembeni, kama Denso SK20R11 inayotumika katika baadhi ya injini za Toyota. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,446, nikeli kwenye 1,455, na tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha plagi ya aina hii kufika kilomita 100,000 hivi. Inafaa hasa pale ambapo kazi ya kufungua ni kubwa kuliko bei ya plagi: Subaru ambayo plagi zake zimelala ubavuni karibu na fremu, au Toyota Harrier ya silinda sita. Sharti ni moja, nalo halina msamaha: inunuliwe kwa wakala anayetambulika, mwenye risiti na anuani.

Nafasi ya pili ni nikeli ya kawaida, na kwa mtu anayenunua sokoni bila uhakika wa muuzaji naipandisha hadi ya kwanza. Hudumu kilomita 20,000 hadi 30,000 tu, lakini bei yake ndogo humpunguzia mwigaji faida, na ikichakaa unaibadilisha bila majuto. Corolla za zamani zilitoka kiwandani nazo. Kwenye injini iliyotoka na iridiamu inaweza kushika nafasi kwa muda, mradi kiwango cha joto na mwanya vifanane. Ila injini za Toyota za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zifungiwe plagi iliyoandikiwa injini hiyo tu.

Platinamu ni ya tatu, nzuri lakini kwa kawaida haifiki mbali kama iridiamu. Ya nne ni iridiamu inayouzwa kwa jina la nguvu (“Power”), yenye ncha nyembamba ya hadi milimita 0.4, inawasha vizuri, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kudumu. Plagi za ncha nyingi za pembeni siziweki popote, kwa sababu cheche huruka kwenye ncha moja tu kwa wakati. Zilizosafishwa na kuuzwa upya zikataliwe kwa bei yoyote.

Maduka ya spea ya Kisekka na Ndeeba jijini Kampala yana plagi halisi na za kuiga, wakati mwingine kwenye rafu moja, nami nasisitiza hapa kwa sababu plagi ya kuiga inaweza kuharibu koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ambayo ni ghali kuliko plagi zote nne. Toa zote kwenye maboksi uzilinganishe. Mwanya uwe sawa kwa zote, ncha ya pembeni isimame katikati kabisa, maandishi kwenye kauri yawe makali, na uzi uwe laini bila vipele. Wosha ya plagi halisi imebanwa isidondoke. Ikivuka uzi kirahisi, rudisha. Wosha iliyokwisha kubonyea ni dalili ya plagi iliyokwisha kufungwa. Ncha ya katikati ikiwa nene kama ya nikeli, maneno ya iridiamu kwenye boksi hayana maana.

Ufungaji ufanyike injini ikiwa imepoa. Toa koili moja, kisha puliza shimo kwa hewa kabla ya kufungua, maana vumbi jekundu la barabara zetu likidondoka ndani ya silinda litakwaruza kuta zake. Mwanya wa iridiamu usipimwe kwa kuingiza sarafu ya kupimia, kwa kuwa ncha yake huvunjika. Anza kuzungusha kwa vidole hadi wosha iguse, kisha kwa uzi wa milimita 14 na wosha mpya ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kipimo cha injini yake. Usipake grisi kwenye uzi, kwani hupunguza msuguano na kumfanya fundi akaze kupita kiasi.

Plagi za zamani zipange kwa mfuatano wa silinda uzitazame. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu huashiria kichujio cha hewa kilichoziba, safari fupi za foleni, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Oili kwenye ncha huashiria ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa, na oili ikiwa shimoni juu ya uzi, badilisha sili za kifuniko cha valvu kabla ya kufunga plagi mpya.