Kumbukumbu za safari fupi ya nje: daftari au simu?
Kwa safari ya siku tatu nne, gharama si hoja: daftari ni rahisi, simu tayari unayo. Hoja ni uhakika. Daftari halihitaji chaji wala intaneti, ila likilowa wino huchuruzika, kwa hiyo beba penseli. Tena kalamu ya kujaza wino huvuja ndege ikipaa, kwa kuwa hewa iliyomo hutanuka; isimamishe ncha juu.

Simu hushinda kwa tarehe, saa na mahali, mradi umeiruhusu kamera kusoma mahali ulipo. Hunasa hata sauti ya kituo cha treni. Ikiibwa kabla hujanakili, yote yamekwenda. Hifadhi nakala mtandaoni kila usiku.

Unayetulia mji mmoja na kutafakari jioni, daftari. Unayehama kila siku, simu.