Nilibadilisha balbu mara mbili, kumbe shida ni ethi (njia ya umeme kurudi betri)

Wakuu, gari ni Land Rover 110 ya dizeli, ya zamani kweli. Naitumia kufuata asali Sikonge na Ipole, na mara nyingi narudi Tabora mjini usiku. Kwa miezi kadhaa taa zake zilikuwa kama kibatari: mwanga wa njano uliofifia, hatua chache mbele ya bampa basi. Ng'ombe unamwona ukiwa umeshamfikia.

Nikafanya kile tunachofanya wengi, nikanunua balbu. Kwanza H4 za kawaida, hazikubadilisha kitu. Halafu za LED za shilingi 45,000, muuzaji akiniapia kwamba usiku utageuka mchana. Uligeuka kweli, ila kwa wenzangu wanaokuja mbele. Reflekta za taa hizi zilitengenezwa kwa balbu za kawaida. LED niliyopachika ikatawanya mwanga hadi juu ya miti, na malori yakawa yananipiga fuli (taa za mbali) mpaka nikaona aibu. Nikazitoa wiki hiyohiyo.

Aliyenifungua macho ni mwanangu. Alikuwa amesimama nyuma ya gari nikijaribu breki, akapiga kelele: "Baba, ukikanyaga, taa nyekundu zinafifia halafu indiketa inawaka yenyewe!"

Nikampelekea fundi umeme mmoja mwenye kibanda chini ya mwembe. Nilipomsimulia hiyo ya indiketa akacheka. "Bosi, usinunue balbu nyingine. Umeme wako unakwenda, tatizo haujui pa kurudia." Kabla hajashika spana alitoa mita, na hapo ndipo nilipomkubali. Injini ikiwa inaunguruma, taa zimewashwa, betri ilisoma volti 14.1. Kwenye soketi ya taa kubwa, 10.8. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi wa taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Ilitakiwa isome karibu na sifuri, ikasoma 1.3.

Umeme wa taa hurudi betri kupitia bodi na chesisi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chesisi ni chuma. Mahali vinapokutana, maji ya masika yakiingia, panaliwa. Alipofungua bolti ya ethi ya taa za nyuma, chini yake kulikuwa na unga mweupe kama chokaa. Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akabadilisha kichwa cha waya, akakaza na kupaka grisi juu. Indiketa ikaacha vituko palepale. Za mbele akafanya vivyo hivyo, zikapanda hadi volti 12.

Volti zilizobaki zilikuwa zinapotelea kwenye swichi ya usukani. Kwenye gari langu umeme wote wa taa kubwa ulipita humo: balbu mbili za wati 60 ni karibu ampia 10 kwenye vibati vilivyochakaa. Ndiyo maana swichi ilikuwa inachemka na kunuka plastiki. Akafunga relei mbili (swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme), moja ya dimu, yaani taa za karibu, na moja ya fuli, ili taa zichukue umeme moja kwa moja kutoka betri na swichi ibaki na kazi ya kuamsha relei tu. Mita ikasoma 13.6, kwa balbu zilezile nilizokuwa nazitukana. Msidharau hizo volti mbili tatu. Zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua karibu theluthi.

Relei, waya na ufundi: shilingi 60,000. Nikikumbuka zile LED roho inaniuma.

Lawama ninazo pia. Aliniambia saa tatu asubuhi, akafika saa sita. Waya mpya wa kutoka betri aliuacha bila fyuzi. Nilipouliza akasema "haina shida". Shida ipo, waya huo ukichubuka ukagusa bodi gari linaungua. Nikamsimamia mpaka akaweka fyuzi sentimita chache kutoka betri. Relei nazo alizifunga miguu ikitazama juu, maji yakaweza kutuama humo. Nikamwambia azigeuze.

Jumamosi nilitoka Sikonge saa mbili usiku. Njiani niligusa swichi ya usukani mara kadhaa, ya baridi. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ninayo mpaka aje kurekebisha taa ndogo ya buluu ya fuli kwenye dashibodi, ambayo haiwaki tangu siku ile. Alisema Alhamisi. Hii ni Alhamisi ya tatu.