Pasi ya Mkaa, Wanga wa Muhogo na Jumanne ya Bibi: Tathmini ya Miezi Minne

Kwa miezi minne sasa nguo zote za nyumba yangu, kuanzia sare za watoto hadi mashuka, zimekuwa zikinyooshwa mara moja tu kwa wiki, kwa pasi ya mkaa niliyoinunua sokoni hapa Tabora kwa shilingi 28,000 baada ya mvutano usio mfupi. Ni pasi ya chuma, yenye jogoo mdogo mbele anayefunga kifuniko, matundu ya hewa ubavuni na mshikio wa mti. Muuza mchele wa jirani alikubali kuiweka kwenye mizani yake, nayo ikafika kilo 3 na robo kabla ya kutiwa mkaa. Uzito huo ndio sifa yake ya kwanza, kwa sababu kwenye kitambaa cha pamba au khaki mkono hauhitaji kukandamiza. Unaiongoza tu, nayo inafanya kazi yenyewe.

Sikuinunua kwa mapenzi ya vitu vya kale. Niliinunua kwa sababu asubuhi za nyumbani kwangu zilikuwa vurugu: saa kumi na mbili kasoro watu wanne wanasubiri pasi moja ya umeme, kila mmoja na shati lake, na umeme ukikatika wote tunatoka na makunyanzi. Nikamkumbuka bibi. Babu alikuwa karani wa reli katika miaka ya 1950, wakati shirika la reli lilipokuwa la Afrika Mashariki nzima, na kaptula zake za khaki zilisimama zenyewe kama ubao. Bibi alifua Jumatatu na kupiga pasi Jumanne. Jumanne hiyo haikusogezwa kwa mgeni wala kwa mvua. Pasi ya mkaa hailingani na haraka, kwani kuiwasha kunachukua karibu nusu saa na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiwasha kwa ajili ya shati moja. Ukiimiliki, unalazimika kuwa na siku ya pasi. Kwangu mimi niliye kazini wiki nzima, ufuaji umehamia Jumamosi na Jumanne ya bibi imekuwa Jumapili alasiri.

Kuna jambo moja ambalo bibi alilifanya usiku wa kuamkia Jumanne, na ambalo naliona kuwa la thamani kuliko pasi yenyewe. Alizinyunyizia maji nguo zilizokwisha kukauka, akaziviringisha moja moja kwa kubana, kisha akazipanga ndani ya beseni na kuzifunika kwa khanga hadi asubuhi. Unyevu husambaa sawasawa katika nyuzi zote, kwa hiyo pasi inapopita mkunjo unaondoka kwa mpito mmoja au miwili. Nilijaribu njia hiyo kwa pasi ya umeme pia, na shati lililokuwa likinichukua dakika nane lilinyooka kwa dakika nne. Kwa asiyetaka mkaa, hili peke yake linatosha.

Wanaodhani kwamba pasi ya mkaa inaokoa fedha wafanye hesabu upya. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo hutumia uniti moja, na kwa sisi wa majumbani tusiozidi uniti 75 kwa mwezi uniti hiyo ni shilingi 100 kabla ya kodi. Mimi kwa kila Jumapili natumia mkaa wa shilingi 1,000, na kazi inachukua saa mbili. Mkaa ni ghali zaidi, tena unatoka katika miombo ileile tunayolalamika kwamba inaisha. Siwezi kuipa pasi hii alama yoyote upande wa gharama.

Wanga, kwa upande mwingine, umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Wanga wa kopo sikuuona dukani, hivyo nilirudi kwenye muhogo: unaumenya, unaukuna, unauloweka katika maji, unauchuja kwa kitambaa safi, kisha unayaacha maji yale yatulie saa tatu au nne. Ukiyamwaga taratibu utakuta chini tope jeupe laini linaloteleza vidoleni. Kijiko kimoja kikikorogwa kwanza katika maji baridi, ndipo yakamiminiwa maji yanayochemka huku ukikoroga, hugeuka uji unaong'aa. Uzimue kwa maji mengi, chovya kola na mikono ya shati, anika. Kanzu ya mume wangu ya Ijumaa sasa inatoa sauti anapokaa. Tahadhari yangu ni kwamba nguo yenye wanga isiwekwe kabatini kwa miezi, kwani mende huipenda kama tunavyoupenda ugali. Bluu ya kufulia, ile inayotiwa majini ili nguo nyeupe zisionekane za manjano, nimeiacha. Ilikuwa na maana kwa waliofua kwa sabuni ya mche, lakini sabuni nyingi za unga za leo zina kemikali inayoyahadaa macho yasiuone umanjano.

Mji wetu unajulikana kwa miembe, na chini ya miembe ndipo wengi wetu tunapoanika. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Mabuu yake huingia katika ngozi ya mvaaji na kutoa uvimbe mithili ya jipu, wenye kitundu katikati. Ndiyo maana bibi alipiga pasi hata nepi na nguo za ndani, pande zote mbili, na sisi watoto tukamcheka. Joto huyaua mayai hayo. Kwa familia yenye mtoto mchanga, siku ya pasi si urembo.

Sasa kasoro. Pasi hii haina kipimo cha joto, na unapima kwa kidole chenye mate kama walivyopima wao. Sare nyingi za sasa zina nyuzi za plastiki, na wiki ya pili sketi ya binti yangu ilipata doa linalong'aa lenye umbo kamili la ncha ya pasi. Aliivaa hivyohivyo hadi mwisho wa muhula, bila kunisamehe. Tangu hapo natandika kitambaa kibichi juu ya nguo za namna hiyo, au natumia umeme. Majivu hutoka matunduni ukiitikisa, kwa hiyo mkaa lazima uwe umeshika wote na kupepewa nje kabla ya kifuniko kufungwa. Ninaifanyia kazi barazani tu, kamwe si chumbani, kwani mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Mshikio nao umeanza kucheza, maana ni mti laini uliopakwa rangi ufanane na mti wa maana. Fundi wa samani ametaka shilingi 3,000 kunichongea mwingine wa mninga, na amesema nimpelekee pasi ikiwa imepoa.